Mgonjwa wa Konde anajulikana bila ya kutajwa jina

Karibu kila mafunzo ya siri za wagonjwa yanayowafikia wafanyakazi wetu wa afya huanza na jina. Usilitaje jina la mgonjwa mbele ya watu. Lifute kwenye picha ya eksirei kabla hujamtumia daktari mwenzako. Daftari la wodi lisiachwe wazi mezani. Yote hayo ni sahihi, na mfanyakazi akishayajua hupewa cheti, akarudi kituoni kwake akiamini kwamba asipotaja jina basi ameshamhifadhi mgonjwa.

Sasa chukua maneno haya, yasiyo na jina hata moja: mwalimu wa skuli ya msingi, mke mdogo, anakaa karibu na soko la Konde, kafanyiwa operesheni juzi. Yaseme kwetu Pemba, ndani ya gari ya abiria inayotoka Chake Chake kwenda Konde. Gari haitafika Konde ila abiria watatu wanne watakuwa wameshamjua ni nani, mumewe ni nani, na mke mkubwa anakaa wapi.

Elimu endelevu ya faragha tunayowapa wauguzi, wakunga, matabibu na watu wa maabara imetungwa kwa ajili ya miji mikubwa, ambako mtu akiondolewa jina anapotea katika watu. Kwetu hapotei. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Pemba ni kama 543,000 tu kati yao. Tuna shehia 388, ndiyo maeneo yetu madogo kabisa ya utawala. Ukigawa, shehia ya wastani haifiki watu 5,000, na humo watu wanajuana kwa ukoo, kwa skuli waliyosoma, kwa msikiti na kwa harusi walizokwenda pamoja.

Sheria ya Marekani iitwayo HIPAA, ya mwaka 1996, ndiyo msingi wa kozi nyingi za faragha ya mgonjwa zinazopatikana bure kwenye intaneti, na ndizo kijana wa Unguja anazozikuta akitafuta cheti cha kujiendeleza. Kanuni zake zimeorodhesha vitu 18 vya kuondolewa kwenye taarifa ili mgonjwa asijulikane, na mahali anapokaa ni kimojawapo. Hapo Wamarekani wameweka kipimo: tarakimu 3 za mwanzo za msimbo wa posta zinaweza kubaki, lakini kama eneo zinaloliwakilisha lina watu 20,000 au pungufu, nazo ziondolewe, maana kundi hilo ni dogo mno na mtu atagundulika. Kusanya shehia nne za wastani za Zanzibar. Bado hujafika 20,000.

Kwa hiyo muuguzi anayesoma kozi hiyo anaikariri orodha, anafaulu mtihani, wala hakuna aliyemwonyesha kwamba kwa kipimo hicho hicho kuandika shehia na umri kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ni karibu sawa na kuandika jina kamili. Kozi haina kosa. Imeandikiwa watu wengine, na sisi tumeichukua ilivyo, bila ya mtu wa kukaa na kuuliza: hili likija Micheweni, linakuwa vipi?

Kuna jambo jingine ambalo mafunzo ya nje hayawezi kuliona. Maambukizi ya VVU Zanzibar yako chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Ni mafanikio, na waliofanya kazi hiyo tangu wagonjwa wa mwanzo walipogunduliwa hapa mwaka 1986 wanastahiki heshima yetu. Lakini uchache huo una uzito wake kwa anayeishi na virusi. Palipo na wagonjwa wengi, mtu mmoja kwenye foleni ya kliniki haonekani. Palipo na wachache, kliniki ina siku yake inayojulikana, mlango wake unaojulikana na faili lenye rangi yake. Ukionekana umeketi pale Jumanne, kitu gani tena cha kusema? Wapo wanaokwenda kituo cha mbali makusudi, wakalipa nauli na kupoteza siku nzima, ili wasikutane na jirani. Siku nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana. Ndiyo maana siwaelewi wanaoiweka faragha katika fungu la mambo ya hisani, eti ya kufikiriwa baada ya dawa na vitanda kupatikana. Mtu anayekimbia kituo kilicho karibu naye kwa kuogopa macho ya watu, kwake yeye kile kituo hakipo.

Upande wa sheria nao tunafundishana kwa kuazima. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, na Tume yake kuzinduliwa Aprili 2024, semina nyingi za faragha nchini zimeifanya sheria hiyo kuwa ndiyo somo lenyewe. Ni hatua kubwa kwa Jamhuri ya Muungano. Lakini sheria hiyo inasema wazi kwamba kwa Zanzibar haitumiki katika mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano, ni la Zanzibar yenyewe. Mkufunzi anayekuja na slaidi zake kutoka Dar es Salaam au Dodoma, akamwambia muuguzi wa Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani kwamba akivujisha taarifa ya mgonjwa atashughulikiwa chini ya sheria ile, anampa msingi usiomshika. Na muuguzi mjanja akija kuligundua hilo peke yake, anaweza kuondoka na funzo baya zaidi: kwamba huku kwetu hakuna kinachomfunga.

Kipo. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, faragha yake, ya familia yake na ya maisha yake ya ndoa. Tunayo sheria yetu wenyewe ya UKIMWI ya mwaka 2013. Mabaraza ya taaluma yana mamlaka juu ya mwenendo wa waliosajiliwa. Somo la sheria kwa mfanyakazi wa afya wa hapa lianzie humo, lisomwe kwa Kiswahili anachokisema kila siku, na kila kifungu kifuatiwe na tukio la kituoni. Hayo maneno "maisha ya ndoa" peke yake yanatosha kwa kikao cha asubuhi nzima, kwa sababu sehemu kubwa ya siri zinazovuja vituoni kwetu inavuja kuelekea kwa mume, kwa mawifi na kwa wakwe.

Mtazame mwanamke anayetumia sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Wengi huichagua kwa sababu haina kidonge cha kufichwa chini ya godoro. Ila ina kadi. Mkunga mwenye hekima huiweka kadi ile kituoni na kumpa mteja tarehe kwa mdomo, au humwandikia mwezi na siku kwenye kikaratasi kisicho na neno jingine. Hakuna semina iliyomfundisha. Kajifunza baada ya kuona yaliyomfika mwanamke mmoja nyumbani kwake. Ujuzi wa namna hii uko mikononi mwa wakunga wetu wakongwe, na unaondoka nao wanapostaafu, kwa sababu hatujauhesabu kuwa ni elimu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ndicho kinachosomesha sehemu kubwa ya wafanyakazi wetu wa afya, na ningependa kuona wakunga hao wakiitwa kusomesha kipindi cha faragha, wao wazungumze na mhadhiri aandike.

Halafu kuna suala la nani anafundishwa. Tunajua semina zinavyokwenda: barua inafika, mkuu wa kituo anajiteua au anamteua msaidizi wake, siku mbili tatu za ukumbi wa hoteli, orodha ya mahudhurio, posho, picha ya pamoja na cheti. Anaporudi, kabrasha linaingia kabatini. Aliyekwenda kufunzwa ni yule ambaye tayari anajua, na ambaye siri hazimtoki.

Simama kwenye dirisha la mapokezi la kituo chochote chenye watu wengi, asubuhi kwenye saa mbili, na usikilize. "Unaumwa na nini?" Mgonjwa anajibu kwa sauti ya chini, anaambiwa aseme kwa nguvu, nyuma yake wamesimama watu 15. Vitabu vya wagonjwa vimepangwa mezani, kila aliye mbele anaweza kuyasoma yaliyo juu. Anatoka mtu ndani na kupiga kelele: "Waliokuja kupima makohozi, huku!" Wanainuka wawili na benchi zima linageuka. Aliyepiga kelele hana ubaya wowote. Anataka foleni iende, na wala si muuguzi: ni mwajiriwa wa kawaida, pengine wa kujitolea, hakuna aliyewahi kumwita kwenye mafunzo yoyote. Msajili, mfanya usafi, mlinzi wa mlangoni, dereva wa gari la wagonjwa, hawa ndio wanaomwona mgonjwa wa mwanzo na wa mwisho. Na pale ambapo usafi, ulinzi au vipimo vimekabidhiwa kampuni binafsi, wafanyakazi wake hawamo kabisa katika hesabu ya mafunzo ya serikali. Mkataba wa kampuni hiyo unataja mashine na sakafu. Je, unataja kiapo cha siri, na siku za mafunzo kwa watu wake?

Wa kufikiriwa kuliko wote kwa sasa ni mhudumu wa kujitolea wa afya ya jamii. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioenea wilaya zote 11 za Unguja na Pemba mwaka 2021, umewapa wahudumu zaidi ya 2,000 simu yenye programu ya kuwaongoza wanapotembelea nyumba, kuwafuatilia wajawazito na watoto wadogo. Nchi nyingi kubwa kuliko yetu hazijafika hapo. Lakini mhudumu huyu anatoka shehia ile ile anayoitumikia. Simu yake ina taarifa za majirani, mashemeji na maadui zake. Anachaji kwa jirani umeme ukikatika kwao. Mtoto wake anaitaka simu acheze. Na kazi yake anaifanya ndani ya nyumba za watu, ambamo mwenye mamlaka mara nyingi ni mama mkwe.

"Mwanangu," mama mkwe anauliza, "huyu mke wa mwanangu kaambiwa nini huko kliniki? Mbona haniambii?"

Kitabu cha mafunzo kinamtaka mhudumu aseme kwamba taarifa za mteja ni siri. Akisema hivyo kwa mtu mzima aliyemkaribisha mkeka na kumtilia chai, ameshavunja adabu, na mlango wa nyumba ile utakuwa mzito safari ijayo. Akijibu alichoulizwa, amemvunja mteja wake. Jawabu lipo na linahitaji kufundishwa, kusemwa kwa sauti na kurudiwa mpaka likae mdomoni: "Mama, mimi nikija hapa naangalia afya ya nyumba nzima. La mtu mmoja mmoja sina ruhusa ya kulisema. Hata lako, mama, simwambii mtu." Hapo heshima imebaki na siri imebaki. Mama mwenyewe, mwenye presha au sukari yake, anapata sababu ya kumwamini.

Mafunzo ya namna hii hayahitaji slaidi. Wafanyakazi wawili wanasimama, mmoja anakuwa mkwe, mwengine mhudumu, wenziwao wanasikiliza na kusahihisha. Wiki ijayo mmoja anakuwa sheha, mkuu wa shehia, anayetaka kujua nani kapimwa nini, au mume anayeidai karatasi ya majibu ya mkewe kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa nauli. Anayeona huu ni mchezo wa watoto ajaribu kumnyima jawabu mzee wa mtaani kwake, ana kwa ana, bila ya kumkosea adabu.

Nasikia hoja kwamba sisi si watu wa faragha ya mtu mmoja mmoja: maradhi kwetu ni ya familia, ndugu ndio wanaobeba mgonjwa, wanaolipa, wanaolala naye wodini. Ni kweli, na ni neema, na faragha iliyotafsiriwa vibaya inaweza kumwacha mgonjwa peke yake katikati ya watu wanaomtaka kheri. Lakini jamii hii hii imelelewa juu ya kusitiriana. Kumsitiri mwenzako aibu yake ni jambo tulilofundishwa katika chuo cha Kurani kabla hatujajua kusoma Kiswahili, na amana ya maneno ni amana kama ya mali. Mfanyakazi wa afya hahitaji kuletewa thamani mpya kutoka nje. Anahitaji kuulizwa swali moja mgonjwa anapofika mwanzo: "Nani kati ya watu wako ungependa tumweleze hali yako?" Jibu liandikwe kwenye faili na lifuatwe. Familia inabaki, ila mwenye kuichagua ni mgonjwa.

Ipo pia mipaka ya siri, na hapa elimu yetu ni dhaifu zaidi, kwa sababu tunafundisha kufunga mdomo bila ya kufundisha lini sheria na maslahi ya umma yanataka ufunguliwe. Zanzibar ina mfano mzuri wa kujifunzia. Katika kazi ya malaria, mgonjwa akigundulika kituoni taarifa hutumwa kwa simu, na ofisa hufuatilia mpaka nyumbani kwake kuwapima waliomo. Utaratibu huu ulijengwa tangu 2008 na kuboreshwa baadaye, na ni sehemu ya sababu za malaria kushuka kwetu. Kila anayehusika anajua amjulishe nani, kwa njia gani, na kwa lengo gani. Watu wanaupokea kwa sababu malaria haina aibu. Peleka utaratibu ule ule, pikipiki ile ile na sare ile ile, mlangoni kwa mgonjwa wa kifua kikuu, na mtaa mzima umeshajua. Lengo ni moja, ila namna ya kwenda lazima ibadilike: saa, mavazi, mahali pa kukutana, pengine mgonjwa mwenyewe awalete wa nyumbani kwake. Maamuzi haya sasa yanafanywa na ofisa mmoja mmoja kwa busara yake. Yangefaa kuwa somo lenye mifano, lirudiwe kila mwaka, hasa kabla ya mripuko wa maradhi, maana siku ya kipindupindu hakuna mwenye nafasi ya kusoma.

Bima nayo imefungua mlango mpya. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, ni jambo jema kwa nchi ambayo ugonjwa mmoja unaweza kuuza shamba la mikarafuu. Lakini ili kituo kilipwe, lazima kitaje mgonjwa alitibiwa nini. Taarifa ambayo jana ilikuwa baina ya daktari na mgonjwa leo inapita kwa mtu wa madai, mhasibu na mtaalamu wa kompyuta. Watu hawa hawakusoma maadili ya uuguzi popote. Na katika visiwa hivi mhasibu wa hospitali huenda ni binamu wa bosi wa mgonjwa. Mafunzo ya siri yaanze nao kabla hawajapewa neno la siri la kuingilia kwenye mfumo, na kila mmoja aone kile tu kazi yake inachohitaji.

Najua uhaba uliopo. Najua vyumba ambavyo matabibu wawili wanatibu wagonjwa wawili kwa pamoja, katikati pametenganishwa na pazia, na mahali pengine hata pazia hakuna. Wizara haiwezi kujenga upya kila kituo kwa ajili ya faragha. Lakini kuuliza "unaumwa na nini" ndani badala ya dirishani hakuna gharama. Kuita kwa namba badala ya kwa maradhi hakuna gharama. Kuvigeuza vitabu kifudifudi mezani hakuna gharama. Kinachotakiwa ni mtu wa kuliona jambo na mwenye idhini ya kulibadilisha, na hapo ndipo elimu ya kituoni, ya nusu saa kila wiki kabla ya dirisha kufunguliwa, inaishinda semina ya hoteli. Mabaraza ya taaluma yakiamua kwamba vikao hivyo vinahesabiwa katika kujiendeleza sawa na cheti cha semina, wakuu wa vituo watavifanya.

Na namna ya kupima kama mafunzo yameingia isiwe mtihani wa karatasi wa kuchagua jibu. Timu ya wilaya inapofanya ziara ya usimamizi, mmoja wao asiyejulikana pale akae kwenye benchi la wagonjwa saa moja, bila ya kitambulisho shingoni, na aandike kila alilolijua kuhusu mtu asiyemhusu: nani mjamzito, nani anakunywa dawa gani, nani kaletwa kutoka Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Karatasi hiyo apewe mkuu wa kituo mchana ule ule, waisome pamoja na msajili na mfanya usafi wakiwepo, kisha ichanwe palepale. Somo la wiki inayofuata litokane na yale yaliyoandikwa.